Marejeo ni Ngamani

Tarehe 14 Aprili 1945, zikiwa zimebaki siku 24 Ujerumani isalimu amri, nyambizi U-1206 ilikuwa chini ya maji karibu na pwani ya Uskoti, na watu wake walikuwa wanahangaika na choo. Nyambizi za Kijerumani za wakati ule hazikuwa na tangi la kuhifadhia maji taka. Nafasi ilitakiwa kwa mafuta, betri na topido, kwa hiyo kila kilichotoka kwa binadamu kilisukumwa moja kwa moja baharini. Tatizo ni kwamba pampu haikuweza kushindana na mgandamizo wa maji ya kina kirefu, hivyo mabaharia walilazimika kujizuia mpaka chombo kipande karibu na uso wa bahari. U-1206 ilikuwa miongoni mwa zile zilizofungiwa choo kipya cha mgandamizo mkubwa, chenye mlolongo wa valvu ambao si kila mtu aliruhusiwa kuugusa. Siku ile mfumo huo ulishindwa. Maji ya bahari yakaingia kwa nguvu, yakashuka kwenye betri zilizokuwa chini, na maji ya chumvi yalipokutana na betri ikafuka gesi ya klorini. Nahodha Karl-Adolf Schlitt hakuwa na njia ila kukipandisha chombo juu, na juu kulikuwa na ndege za maadui. Mtu mmoja aliuawa, watatu walikufa maji wakijaribu kufika nchi kavu, 46 walikamatwa, na nyambizi ikazamishwa na wenyewe.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na ninaelewa kwa nini. Lakini kwangu mimi ni kisa cha tangi ambalo halikuwepo. Waingereza na Wamarekani, waliokuwa wakipigana vita ileile chini ya bahari ileile, walikubali kupoteza nafasi kidogo ndani ya nyambizi zao ili uchafu ukae humo hadi wakati wa kuumwaga. Wajerumani walikataa kuubeba. Na swali la nani abebe uchafu wake, na kwa muda gani, ndilo swali lote la historia ninayotaka kuisimulia hapa. Nalo halijaisha.

Kwa karne nyingi halikuwa swali. Merikebu ya Sweden iitwayo Vasa, iliyozama bandarini Stockholm mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza na kuopolewa mwaka 1961, iliandaliwa kubeba mabaharia na askari wapatao 450. Ukiitazama leo makumbushoni, pale omo kabisa, pembeni mwa mlingoti unaochomoza mbele, utaona viti viwili vya mfano wa sanduku, vilivyo wazi kuelekea majini. Viwili, kwa umati ule. Waliviweka omo kwa sababu yenye akili: merikebu za matanga ya mraba zilipenda upepo wa nyuma, kwa hiyo harufu iliutangulia msafara badala ya kuwarudia watu, na mawimbi yaliyopiga mbele yalifanya kazi ya ufagio. Ndiyo maana mpaka leo mabaharia wa Kiingereza hukiita choo cha chombo "kichwa", hata kama choo chenyewe kimehamia nyuma, karibu na injini.

Katika bahari yetu hii ya Hindi mahali palikuwa pengine. Baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kuwait la aina ya boum, chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Nejdi, wakapita Mombasa na Zanzibar hadi delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko. Majahazi ya namna ile yalikuwa na visanduku vya mbao vilivyoning'inia nje ya ubavu, upande wa shetri, na aliyeingia humo alikuwa hana kitu kati yake na bahari. Maji ya kunywa yalitunzwa ndani ya matangi ya mbao kama mali ya thamani. Kwa mwingine hakuna aliyefikiria tangi. Kwani bahari ilikuwa ya nini?

Wahenga wa pwani wana msemo: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini kabisa, juu ya mkuku, maji machafu yanakotuama yakisubiri mtu wa kuyafua. Msemo huo hutumiwa kwa mtu anayetangatanga ambaye mwisho wake ni kurudi kulekule. Unaposoma historia ya choo cha chombo unashangaa jinsi unavyoingia kama kifuniko kwenye chungu chake. Wazungu walikaa omo, majahazi yakaweka visanduku vyao tezi, na mwisho wa yote uchafu ukarudi ngamani, ndani ya boksi la plastiki lenye umbo la ajabu. Jinsi ulivyofika huko ndiyo hadithi.

Hatua ya kwanza ilikuwa pampu ya mkono. Ilipozoeleka kwenye mashua za starehe na meli ndogo, choo kiliingia ndani: mtu alivuta mpini, maji ya bahari yakaingia kupitia tundu moja la chombo, na kila kitu kikatoka kupitia tundu jingine. Faragha ikapatikana. Lakini tazama kilichobadilika na kisichobadilika. Mtu alihama kutoka omo akakaa sebuleni, ila bomba lilikuwa fupi na bahari ilikuwa palepale upande wa pili wa ubao. Zaidi ya hapo, chombo sasa kilikuwa na matundu mawili chini ya mstari wa maji, na si mashua moja wala mbili zilizozama zikiwa zimetia nanga, bila dhoruba yoyote, kwa sababu mtu alisahau kufunga valvu ya choo.

Mabadiliko makubwa hayakutoka baharini. Yalitoka kwenye maziwa. Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini yalikuwa yamezungukwa na miji, viwanda na watu wanaokunywa maji hayohayo, na kufikia miaka ya 1960 Ziwa Erie lilikuwa limegeuka mfano wa ziwa lililochoshwa. Juni 1969 Mto Cuyahoga, unaomwaga maji yake humo, ulishika moto kutokana na mafuta na takataka zilizoelea juu yake. Mwaka uliofuata jimbo la Michigan lilipitisha sheria ya uchafuzi unaotokana na vyombo vya majini: meli yenye choo isimwage maji taka, hata yaliyosafishwa, katika maji ya jimbo hilo. Iwe na kifaa cha kuyahifadhi.

Wenye meli za mizigo, zile ndefu zinazobeba chuma ghafi na nafaka kutoka bandari hadi bandari, walikwenda mahakamani. Hawakusema wanapenda uchafu. Walisema meli yao hupita majimbo mengi, kila jimbo likijitungia sheria yake biashara haitakwenda, na kwamba sheria ya taifa ndiyo inayopaswa kutawala. Nyuma ya hoja hizo kulikuwa na jambo la kawaida kabisa ambalo hata baba mwenye nyumba Manzese angeliuliza: tukishajaza hilo tangi, tulimwage wapi? Maofisa wa Michigan wenyewe walionyesha kwamba hawakuwa na haraka ya kumshika mtu mpaka vituo vya kunyonya maji taka vijengwe nchi kavu. Shauri hilo, Lake Carriers' Association dhidi ya MacMullan, lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo tarehe 30 Mei 1972 iliamua kutoamua: mgogoro ni wa kweli, ikasema, lakini mahakama za jimbo zitafsiri sheria yao kwanza.

Miezi michache baadaye Bunge la Marekani likapitisha sheria kubwa ya maji safi, ya Oktoba 1972, na kifungu chake cha 312 kikashughulikia vyoo vya vyombo nchi nzima. Kufikia mwaka 1980 kila boti yenye choo kilichofungwa ilitakiwa iwe na kifaa kilichoidhinishwa. Aina mbili za vifaa hivyo husafisha maji taka kwa viwango tofauti kabla ya kuyatoa. Aina ya tatu haisafishi chochote, huhifadhi tu. Ndani ya maili tatu za baharini kutoka pwani, maji taka mabichi hayamwagwi. Na sheria ilizungumzia vyoo vilivyofungwa, si vya kubeba mkononi. Ndoo ilibaki kuwa ndoo.

Hapa lazima nikae kidogo juu ya kauli moja, kwa sababu kila mtu anayeipinga sheria ya namna hii, awe mwenye meli wa Michigan au mvuvi wa kwetu, hatimaye huifikia: maji ni mengi. Choo kimoja kitafanya nini baharini? Katikati ya bahari kauli hiyo ina ukweli, na hata wanasayansi hawaipuuzi. Ubaya wake ni kwamba watu hawaishi katikati ya bahari.

Chukua Ziwa Tanganyika. Ni la pili duniani kwa kina, zaidi ya mita 1,400, na lina sehemu kubwa ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia. Kama kuna mahali ambapo mtu angesema maji ni mengi, ni hapo. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, kijiji chembamba cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, karibu na mpaka. Hakukuwa na barabara ya maana. Hakukuwa na vyoo vya kutosha hata robo yao. Walijisaidia walipoweza na wakanywa ziwa. Kipindupindu kikazuka; watu wapatao 3,000 waliripotiwa kuugua na takribani 30 kufa. Waliokolewa kwa njia ya maji: MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilitia nanga mbali kidogo kwa kuwa hakukuwa na gati, mitumbwi ikawapeleka wagonjwa na wazima, na meli ikawabeba mamia kwa mamia hadi Kigoma.

Kagunga haikuwa habari ya vyoo vya meli, na sitaki kuifanya iwe. Naitaja kwa sababu inaonyesha kipimo. Zile mita 1,400 hazikumsaidia mtoto aliyechota kikombe kwenye maji yanayofika magotini. Maji mengi yako kule. Sisi tuko hapa ukingoni, na boti nazo, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ziko hapahapa ukingoni, zimefungwa kamba gatini, zimeegeshwa kwenye ghuba iliyojificha upepo, mahali maji yanapotembea polepole. Uchafu hauendi "baharini". Unakwenda kwa jirani.

Basi, tangi. Sheria ilipokuja, boti zilikuwa zimeshaundwa. Tangu miaka ya 1960 mashua za faiba zilikuwa zikitoka kwenye kalibu moja baada ya nyingine, na kila inchi ndani yake ilikuwa imeshagawiwa: hapa kitanda, hapa jiko, hapa mafuta, hapa maji ya kunywa. Hakuna msanifu aliyeacha nafasi ya kitu ambacho bahari ilikuwa inakichukua bure. Mwenye boti akabaki kutafuta mabaki: chini ya kitanda cha omo ambapo ubavu unajikunja kama herufi V, nyuma ya kabati la nguo, pembeni mwa mkuku. Nafasi hizo hazina pembe mraba hata moja. Ndiyo maana matangi ya maji taka ya boti za zamani yanafanana na vipande vya kinyago kilichovunjika. Kila tangi ni nakala ya nafasi iliyobaki baada ya watu wote kuchukua chao.

Walianza na chuma na alumini, na mkojo ukayatafuna. Maji taka yenye chumvi hula alumini kwa vitundu vidogo vidogo, na hata chuma kisichoshika kutu huanza kuoza pale kwenye mishono ya kuchomelea. Wengine walijaribu mifuko laini, mfano wa kiriba, inayojilaza popote utakapoiweka. Ni rahisi, na kwa muda inafaa, lakini chombo kinayumba, mfuko unasuguana na faiba usiku na mchana, na siku moja ngozi yake inakatika. Sihitaji kueleza zaidi.

Jibu lilikuwa limezaliwa zamani, kwa bahati. Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI pale Winnington, Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett walikuwa wakijaribu kuchanganya gesi ya ethilini na kemikali nyingine chini ya mgandamizo mkubwa sana. Mchanganyiko waliotaka haukutokea. Walichokikuta ndani ya chombo chao ni kitu cheupe kama nta. Walipojaribu tena majaribio yakawa hatari kiasi cha kusimamishwa, na ilikuwa Desemba 1935 ndipo Michael Perrin na wenzake walipofanikiwa kukitengeneza kwa uhakika. Hiyo ndiyo polithini, ile ya mifuko.

Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa ya vita. Haipitishi umeme, hainyonyi maji, ni nyepesi, kwa hiyo ilifaa mno kufunika nyaya za rada, na rada ikawa ndogo kiasi cha kuingia ndani ya ndege. Ndege za namna hiyo ziliwawinda Wajerumani kila nyambizi ilipopanda juu kuvuta hewa. Nikiisoma habari ya U-1206 sambamba na hii naona kinaya ambacho hata mtunzi wa riwaya angekionea haya: plastiki ambayo ingeweza kuwatengenezea tangi ilikuwa angani, mikononi mwa adui.

Polithini ile ya kwanza ilikuwa laini. Ngumu, inayosimama yenyewe kama ubao, ilikuja miaka ya 1950: Paul Hogan na Robert Banks wa Phillips Petroleum huko Oklahoma, na Karl Ziegler nchini Ujerumani mwaka 1953, waliipata kwa njia tofauti za mgandamizo mdogo. Viwanda vikaizalisha kabla havijajua pa kuipeleka, na mwaka 1958 mabaki mengi yakaokolewa na mchezo wa watoto, ule mpira wa duara unaozungushwa kiunoni. Baada ya pete za kiunoni yakaja mabomba, ndoo, madumu, matangi.

Afrika Mashariki tunaijua polithini hiyo kwa sura moja kubwa: simtanki. Limekaa juu ya paa au juu ya mnara wa zege, jeusi au la rangi nyingine, na mtu anayelinunua hafikirii kwamba ni ndugu wa damu wa boksi la choo cha boti. Huundwa kwa unga wa plastiki unaotiwa ndani ya kalibu la chuma, kalibu likazungushwa polepole ndani ya tanuri mpaka unga uyeyuke na kujipaka ukutani. Halina mshono hata mmoja. Kasoro yake ni kalibu: ni ghali, na gharama yake hurudi tu ukiuza matangi mengi yanayofanana. Kwa nafasi ya kipekee chini ya kitanda cha mashua moja ya zamani, hakuna mtu atakayetengeneza kalibu. Hapo ndipo anapoingia fundi mwenye shuka za plastiki na bomba la hewa ya moto.

Kazi huanza na maboksi ya kadibodi. Fundi anakata vipande, anavibandika kwa gundi ya karatasi, anaingiza ule mfano ndani ya nafasi, anapunguza, anaongeza, mpaka unakaa bila kugusa ubavu. Ni kazi ya jicho. Mafundi wa Lamu wanaounda jahazi bila mchoro wa karatasi wangeielewa mara moja, na wao wameshaijua hata plastiki yenyewe: jahazi dogo la Flipflopi, urefu wa mita tisa, lililoshushwa majini Lamu Septemba 2018 chini ya fundi Ali Skanda, liliundwa kwa takribani tani kumi za plastiki iliyorejelewa, likachongwa kama mti, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

Kisha huja hesabu, ambayo huwaumiza wengi. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 35 hubeba lita 84. Lakini ukilikata mshazari kufuata ubavu wa chombo unabaki na nusu, lita 42, na watu wanne wanaopampu maji kwa ukarimu watazijaza mapema kuliko walivyopanga. Likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 40 zinazotaka kuhama kila chombo kinapolala upande mmoja. Kwa hiyo ndani huwekwa kuta zenye matundu, ili maji yasipate nafasi ya kukimbia na kugonga.

Halafu mshono. Huwezi kuunganisha polithini kwa gundi; ngozi yake haishiki kitu. Na sababu ya kukataa gundi ndiyo hiyohiyo inayoifanya ikatae mkojo, chumvi na dawa za choo, kwa hiyo usiilaumu. Njia ni kuiyeyusha. Fundi anakwangua kwanza ngozi ya juu, maana hewa imeshaiharibu, kisha anapitisha hewa ya moto kwenye kingo mbili na kwenye kijiti cha plastiki ileile, vyote vitatu vikiyeyuka kwa pamoja. Polithini ngumu huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, lakini hewa ya bomba huwa kali zaidi ya mara mbili ya hapo, na mkono unatakiwa usikimbie wala usichelewe. Ukichelewa plastiki inaungua. Ukikimbia unapata kitu kibaya zaidi: mshono unaopendeza macho, ambao haujashikana, utakaobanduka kama utepe miezi sita baadaye, usiku, bahari ikiwa chafu.

Harufu ni somo lake. Watu hudhani tangi hunuka kwa sababu lina uchafu. Hunuka kwa sababu halipumui. Bakteria wanaoishi bila oksijeni hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile ya yai lililooza. Bakteria wanaotumia oksijeni hawaitoi. Kwa hiyo bomba pana na fupi la kupumulia, lililonyooka hadi nje, lina faida kuliko chupa kumi za manukato. Kama bado pananuka, shuku mipira ya kupitishia: funga kitambaa kilichochovywa maji ya moto kuzunguka mpira, subiri kipoe, kinuse. Kikinuka, harufu imeshapenya ukuta wa mpira na hakuna la kufanya ila kuubadilisha.

Mkataba wa kimataifa nao ulichelewa. Kiambatisho cha nne cha MARPOL, kinachohusu maji taka ya meli, kiliandikwa mwaka 1973 na kikaanza kutumika Septemba 2003, miaka 30 baadaye. Kinazigusa meli za safari za kimataifa zenye tani 400 na kuendelea, au zilizoidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15. Maji taka mabichi yaliyohifadhiwa tangini yamwagwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka pwani, kidogo kidogo, chombo kikitembea kwa mwendo usiopungua noti nne. Tazama kwamba hata hapo jibu la mwisho bado ni bahari. Kilichobadilika ni umbali na subira. Na mashua, ngalawa na boti ndogo zinazojaa ufukweni kwetu ziko nje ya mkataba huo. Marekani, miaka 20 baada ya sheria yao, walilazimika kupitisha nyingine, ya 1992, ya kutoa fedha za kujenga vituo vya kunyonya matangi, kwa kuwa lile swali la wenye meli wa Michigan lilikuwa bado linasubiri jibu gatini.

Tangi likishachomelewa halipelekwi moja kwa moja mahali pake. Hujazwa maji safi, likaachwa juu ya meza usiku kucha au zaidi, na fundi hupitisha kidole kavu kwenye kila mshono. Ndani ya boti hutapata nafasi hiyo tena. Baada ya hapo kitanda hurudishwa juu yake, na juu ya kitanda hulala mtu. Makosa ya mshono huonekana mapema. Kosa linalowapata wengi ni jingine: wamepima nafasi kwa uangalifu, sentimita kwa sentimita, tangi limetoka zuri, halivuji, na linapofika botini halipiti mlangoni. Mafundi waliokwisha kulikata tangi zima katikati na kulichomelea upya ndani ya boti, wamepiga magoti gizani na moshi wa plastiki ukiwaingia puani, sasa huanza kwa kuupima mlango.